MTELEZO WA WATOTO: NAMNA YA KUUJENGA NA KUUTUNZA

Somo kwa walimu, wazazi na mafundi wa Turkana

Katika viwanja vya shule za watoto wadogo huonekana siku hizi chombo cha kuchezea ambacho upande mmoja kina ngazi, na upande wa pili kina bamba lililoinama. Mtoto hupanda ngazi, huketi juu, kisha huteleza hata chini. Chombo hicho huitwa mtelezo. Watoto huupenda mno, na mahali ulipo hapakosi vicheko tangu asubuhi.

Lakini mtelezo huo huo, ukisimamishwa ovyo au ukiachwa bila kutunzwa, waweza kumvunja mtoto mkono, au kumwunguza mapaja, na pengine hata kumnyonga. Ajali za namna hii si bahati mbaya tu. Karibu zote zina sababu zinazojulikana, na sababu ikijulikana yaweza kuondolewa. Somo hili laeleza jinsi ya kuuweka mtelezo mahali panapofaa, kuujenga kwa vipimo vilivyo salama, na kuutunza miaka mingi, katika nchi yenye jua kali na mchanga mwingi kama ile ya Lodwar, Kakuma na Nakalale.

KWA NINI JAMBO HILI LINA UZITO

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 iliiweka elimu ya watoto wa chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, na serikali hizo zilianza kazi mwaka wa 2013. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka wa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka wa 2016. Huko nako watoto ni wengi na viwanja vyao ni vingi. Tena mchezo si anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, wasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza.

Basi haifai kuuondoa mtelezo kwa kuogopa ajali. Mtoto apandaye na kuteremka hujifunza kuutawala mwili wake, kungoja zamu yake na kupima ujasiri wake. Hata hivyo wazazi na walimu wakumbuke jambo moja. Mtoto akivunjika mkono katika mji mkubwa, hospitali huwa karibu. Akivunjika katika kijiji cha Nakalale, safari yaweza kuchukua saa nyingi, na gari lenyewe halipatikani kila siku. Kutoka Kakuma hata hospitali kuu ya kaunti iliyoko Lodwar ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Kadiri tabibu alivyo mbali, ndivyo tahadhari ipasavyo kuwa kubwa.

KUCHAGUA MAHALI

Jambo la kwanza ni mahali. Mtelezo usijengwe karibu na barabara, wala karibu na kisima, wala kwenye njia wapitapo ngamia na punda. Usiwekwe pia katika laga au ukingoni mwake. Laga huonekana kavu miezi mingi, lakini mvua ikinyesha milimani maji huja kwa ghafula, hata kama mahali penyewe hapakudondoka tone. Watu wa Kakuma waujua vizuri mto Tarach kwa tabia hiyo, na watu wa Lodwar wamekwisha kuyaona maji ya Kawalasee yakijaa kwa muda mfupi.

Kuuzunguka mtelezo pawe na nafasi tupu isiyopungua mita 1.8 kila upande. Katika nafasi hiyo pasiwe na jiwe, kisiki, nguzo, ukuta, wala chombo kingine cha kuchezea. Mtoto aangukaye haanguki wima kama jiwe. Hutupwa upande, na pale anapotupwa ndipo panapotakiwa kuwa laini na wazi. Ikiwa karibu na mtelezo kuna bembea, hizo nafasi mbili zisiingiliane, kwa maana mtoto atokaye chini ya mtelezo hukimbia bila kutazama, na bembea nayo haina macho.

JUA NA KIVULI

Lodwar ni mojawapo ya miji yenye joto kubwa katika Kenya. Joto la mchana hukaribia nyuzi 35 za Selsiasi, au huzipita, karibu mwaka mzima. Hilo ni joto la hewa iliyo kivulini. Bamba la chuma lililolala juani hupata joto kubwa kuliko hilo, na chuma kilichofikia nyuzi 60 chaweza kuunguza ngozi ya mtoto kwa muda wa sekunde chache. Watoto wadogo ndio waumiao zaidi, kwa sababu ngozi yao ni nyembamba, na mara nyingi mtoto mdogo akishtuka hukaa pale pale akalia badala ya kuruka. Watu wengine hudhani kwamba bamba la plastiki haliunguzi. Hilo si kweli. Plastiki nayo hushika joto, hasa ile ya rangi nzito, tena jua la miaka mingi huifanya iwe kavu hata ikapasuka.

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani husema kwamba bamba la mtelezo lielekezwe kaskazini ili likimbie jua. Shauri hilo ni jema huko kwao, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Turkana haliwezi kusaidia. Lodwar uko karibu sana na ikweta, kiasi cha nyuzi 3 tu upande wa kaskazini. Tangu mwisho wa mwezi wa Machi hata katikati ya Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine huwa upande wa kusini, na wakati wote huwa karibu na utosi. Fundi afuataye kitabu cha wageni bila kupima mambo ya kwao atajenga kikaango.

Linalofaa Turkana ni haya mawili. Kwanza, bamba literemke kuelekea magharibi. Watoto wa chekechea huwa shuleni asubuhi, na asubuhi jua liko mashariki. Bamba lililoinama nyuzi 30 kuelekea magharibi halipigwi na jua hata kidogo mpaka jua lipande nyuzi hizo 30, yaani mpaka saa mbili na nusu hivi; na hata baada ya hapo mwanga hulipiga kwa upande. Pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, pajengwe kivuli. Kivuli cha mgunga mkubwa ni kizuri, ila matawi yaliyo chini yakatwe na miiba iokotwe kila siku. Pasipo mti, zisimamishwe nguzo nje ya ile nafasi ya mita 1.8, na juu pafunikwe kwa makuti ya mkoma, mikeka au turubai lililofungwa imara, kwa kuwa upepo wa Turkana hauna huruma na kitu kilichofungwa nusu.

Hata penye kivuli, mwalimu alijaribu bamba kabla ya watoto kupanda. Aweke mgongo wa mkono wake juu ya bamba na kuhesabu pole pole moja hata tano. Akishindwa kuuacha mkono hapo, watoto wasipande.

VIPIMO VILIVYO SALAMA

Mtelezo wa watoto wa chekechea usiwe mrefu. Kimo cha mita 1.2 tangu mchanga hata jukwaa la juu chatosha kabisa. Mtoto wa miaka minne hakosi furaha kwa kuwa mtelezo ni mfupi.

Mwinamo wa bamba usizidi nyuzi 30 kwa wastani. Fundi asiye na chombo cha kupimia nyuzi aweza kutumia kanuni nyepesi: urefu wa sehemu iliyoinama uwe mara mbili ya kimo inachoshuka. Ikiwa jukwaa liko mita 1.2 juu ya mchanga, na mwisho wa bamba uko sentimita 20 juu ya mchanga, basi bamba lashuka mita 1. Sehemu yake iliyoinama na iwe mita 2. Ikiwa fupi kuliko hivyo, mtoto atashuka kwa kasi asiyoweza kuizuia.

Mwisho wa bamba usimtupe mtoto chini. Sehemu ya mwisho, isiyopungua sentimita 28, ilale sawasawa na ardhi ili kupunguza kasi na kumwezesha mtoto kusimama. Kwa mtelezo wa kimo kilichotajwa, sehemu hiyo isiwe juu ya mchanga kupita sentimita 28. Kingo za bamba pande zote mbili ziinuke sentimita 10 au zaidi tangu juu hata chini. Afadhali bamba liwe kipande kimoja. Ikiwa hapana budi kuunga vipande viwili, kipande cha juu kilalie kile cha chini, kama mabati ya paa yalaliavyo, ili ukali wa bati usikutane na miguu ya mtoto ateremkaye. Makali yote yapigwe tupa na kukunjwa chini.

Jukwaa liwe na nafasi ya kutosha mtoto kugeuka na kuketi, yaani sentimita 48 au zaidi, na mahali pa kuketia pawe na vishikio. Pande zilizo wazi za jukwaa zizibwe kwa kizuizi cha kimo kisichopungua sentimita 75. Kizuizi hicho kisiwe na vyuma vilivyolala kama ngazi, maana mtoto atavipanda.

Sasa lipo jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo limeua watoto katika nchi nyingi. Nafasi yo yote iliyo wazi kati ya chuma na chuma isiwe kati ya sentimita 9 na sentimita 23. Nafasi ndogo kuliko 9 haipitishi mwili wa mtoto. Nafasi kubwa kuliko 23 hupitisha mwili pamoja na kichwa. Lakini nafasi iliyo katikati ya vipimo hivyo yaweza kuupitisha mwili na kukikamata kichwa, na mtoto akaning'inia kwa shingo. Kwa hiyo nafasi kati ya vidato vya ngazi izibwe kwa bamba. Vivyo hivyo fundi apime vyuma vya kizuizi na miguu ya jukwaa. Ncha zote za bolti zifunikwe au zikatwe sawasawa na nati, ili nguo isinase.

KUUSIMAMISHA

Mahali pakiisha kuchaguliwa, fundi achimbe kwanza shimo pana la mchanga, kina chake sentimita 30, kisha ndani yake achimbe mashimo ya miguu, kila moja kina cha nusu mita na upana wa sentimita 30. Miguu isimamishwe kwa timazi na jukwaa lipimwe kwa pima maji kabla ya kumwaga zege. Mchanganyiko ufaao ni karai moja ya simiti, mbili za mchanga na nne za kokoto.

Zege lisifike juu ya sakafu ya lile shimo pana. Litabaki limefunikwa na mchanga wote wa sentimita 30. Ajali mbaya hutokea mahali ambapo zege limeachwa likitokeza juu ya ardhi kama jiwe, na mtoto akaanguka juu yake.

Katika joto la Turkana zege hukauka upesi mno na kupasuka. Afadhali limwagwe alfajiri au jioni, lifunikwe kwa magunia, na magunia hayo yaloweshwe asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7. Katika siku hizo mtelezo ufungwe kwa kamba na mtoto asiuguse. Mtelezo uliotikiswa kabla ya zege kukomaa hautashika tena sawasawa.

Miguu ipakwe rangi ya kuzuia kutu, nayo iwe rangi isiyo na madini ya risasi, kwa sababu watoto wadogo huweka kila kitu kinywani, na risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Iko njia nyingine ipunguzayo hatari kwa bei ndogo. Badala ya kuusimamisha mtelezo juu ya miguu, wanakijiji waweza kujenga kilima cha udongo ulioshindiliwa vizuri, wakalilaza bamba juu ya ubavu wake. Mtoto atokaye nje ya bamba haanguki mita nzima; huviringika kando ya kilima tu. Kilima hicho hudai kurekebishwa kila baada ya mvua, na mawe yote yaondolewe juu yake.

MCHANGA NDIO GODORO

Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba majeraha mengi ya viwanja vya watoto hutokana na kuanguka chini. Kwa hiyo kitu kilicho chini ya mtelezo kina maana kuliko rangi na uzuri wake. Udongo uliokanyagwa hata ukawa kama sakafu haufai kabisa. Simiti na lami pia hazifai. Nyasi za Turkana hazidumu. Lakini mchanga upo, nao ni godoro jema.

Mwongozo wa Marekani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1981 na tume ya huko inayoangalia usalama wa bidhaa, husema kwamba mchanga wa kina cha sentimita 23 uliokwisha kushindiliwa humkinga mtoto aangukaye kutoka kimo cha mita 1.2. Mchanga mpya hushuka unapokanyagwa, ndiyo sababu hutiwa sentimita 30 tangu mwanzo.

Na ichukuliwe shule moja iliyo na mtelezo wa urefu wa mita 3.4 pamoja na ngazi yake, na upana wa sentimita 60. Ukiongezwa mita 1.8 kila upande, shimo la mchanga litakuwa na urefu wa mita 7 na upana wa mita 4.2. Mchanga utakaohitajiwa ni mita za ujazo 9 hivi, yaani toroli 140 hivi. Ni kazi kubwa kwa mtu mmoja. Kwa wazazi 20 ni toroli 7 kila mmoja, kazi ya asubuhi moja.

Si kila mchanga ufaao. Mchanga wenye udongo ndani yake hugeuka kuwa mgumu kama tofali baada ya mvua ya kwanza. Njia ya kuujaribu ni kuloweka konzi moja ya mchanga, kuufinyanga kama tonge na kuuacha ukauke. Ukisambaratika, ni mchanga safi. Ukibaki tonge, una udongo, nao utafutwe mwingine. Mchanga wa katikati ya laga kwa kawaida ni safi kuliko ule wa kingoni. Kabla ya kumwagwa uchekechwe, ili kuondoa kokoto, vipande vya chupa, na miiba ya mathenge. Mti huo wa mathenge, ulioletwa Turkana katika miaka ya 1980, una mwiba mrefu uwezao kupenya hata soli ya kiatu. Mguu mtupu wa mtoto hauwezi kuuzuia.

Kuzunguka shimo pawekwe ukingo wa magogo laini au magurudumu ya gari yaliyozikwa nusu, ili upepo usiuhamishe mchanga wote. Kila mguu wa mtelezo upigwe mstari wa rangi nyeupe pale mchanga ulipofikia siku ya kwanza. Mstari ukionekana umepanda juu ya mchanga, kila mtu, hata asiyejua kusoma, atajua kwamba mchanga umepungua na yapasa kuongezwa.

MBWA WASILALE MCHANGANI

Mchanga wa kivulini huwapendeza watoto, na huwapendeza mbwa pia. Hapa pana hatari ambayo Turkana inaijua kuliko nchi nyingi. Minyoo midogo ikaayo tumboni mwa mbwa hutoa mayai yatokayo pamoja na mavi yake. Mtoto achezaye mchangani na kula bila kunawa huweza kuyameza mayai hayo, na baada ya miaka mingi uvimbe wenye maji hukua katika ini au mapafu yake. Ugonjwa huo wa uvimbe wa maji ulienea sana Turkana kiasi kwamba katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuupiga vita.

Kwa hiyo kiwanja kizungushiwe ua lenye lango lifungwalo. Ua likiwa la miiba, liwe mbali na nafasi ya kuchezea. Kila asubuhi mchanga upigwe reki, na kila uchafu wa mnyama uchotwe pamoja na mchanga ulioshikamana nao, ufukiwe mbali. Watoto wanawe mikono kabla ya kula uji wa shule. Ikiwa maji ni haba, kibuyu tepetepe kilichotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa langoni huwanawisha watoto wengi kwa maji machache.

NAMNA YA KUTELEZA

Chombo kilicho salama chaweza kuleta madhara kikitumiwa vibaya. Watoto wafundishwe kanuni hizi tangu siku ya kwanza, na mtu mzima awepo wakati wote wa mchezo:

1. Mtoto mmoja tu juu ya bamba. Wa pili asiachie mpaka wa kwanza ameondoka chini.

2. Mtoto ateremke akiwa ameketi, miguu ikitangulia. Asilale kifudifudi, wala asitangulize kichwa.

3. Hapana kupanda kwa kufuata bamba. Ngazi ndiyo njia ya kupandia.

4. Shuka iliyofungwa begani, kamba za nguo, na shanga ndefu za shingoni zivuliwe zikatundikwe. Vitu hivyo huweza kunasa juu ya jukwaa wakati mwili wa mtoto unateremka, na hapo shanga au shuka hugeuka kitanzi. Kuvua shanga kwa nusu saa si kudharau mila. Mama aliyemvisha mwanawe shanga hizo ndiye atakayependa kumwona amerudi nyumbani salama.

5. Mtu mzima asimpakate mtoto na kuteleza naye. Watu wengi hufanya hivyo kwa upendo, wakidhani kwamba wanamlinda. Lakini mguu mdogo wa mtoto ukigusa ukingo na kukwama, uzito wa mtu mzima huendelea kushuka, na mfupa wa muundi huvunjika. Mtoto asiyeweza kuteleza peke yake hajafika wakati wa kuteleza.

UTUNZAJI

Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mitelezo mingi haiharibiki kwa siku moja. Nati hulegea, kisha bamba hutikisika, kisha tundu la bolti hupanuka, na mwishowe chuma hukatika mtoto akiwa juu. Nati ile ya kwanza ingalikazwa kwa spana kwa muda wa dakika moja.

Kila shule na imteue mtu mmoja wa kuutazama mtelezo, na jina lake lijulikane kwa wazazi wote. Kazi iliyoachiwa kila mtu haifanywi na mtu. Mtu huyo awe na daftari, na ratiba yake iwe hivi:

Kila siku kabla ya mchezo, apige reki mchangani, atazame chini ya bamba na chini ya jukwaa kwa fimbo, si kwa mkono, kwa kuwa nge na nyoka hupenda kivuli hicho. Afute vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha ajaribu joto.

Kila juma, atikise kila mguu na kila kishikio, akaze nati zilizolegea, apapase kingo zote kwa kitambaa. Kitambaa kikinasa, pana makali, na papigwe tupa au msasa.

Kila mwezi, achimbe mchanga mahali patatu kwa kijiti chenye alama ya sentimita 23. Mahali pa kupima kwanza ni chini ya mdomo wa bamba, maana hapo miguu ya watoto huchimba shimo kila siku.

Kila mwaka, fundi wa kuchomelea aitwe. Afukue miguu mpaka kwenye zege, kwa sababu kutu huanza kula pale chuma kinapoingia ardhini, pasipoonekana. Akwangue kutu, apake rangi upya, na sehemu iliyoliwa sana aikate na kuchomelea nyingine.

Kasoro ikionekana ambayo haiwezi kutengenezwa siku ile, mtelezo ufungwe siku ile ile. Kuweka jiwe au tawi mbele ya ngazi hakutoshi, kwani mtoto huliruka. Ngazi ifungwe kwa mbao, na sababu iandikwe katika daftari.

AJALI IKITOKEA

Mtoto aliyeanguka asinyanyuliwe kwa haraka. Ikiwa analalamika shingo au mgongo, asisogezwe mpaka wapatikane watu wa kumbeba akiwa amelala sawa juu ya ubao. Mkono au mguu uliovunjika usivutwe wala usinyoshwe kwa nguvu. Ufungwe na vijiti viwili na kitambaa kama ulivyo, kisha mtoto apelekwe kwenye zahanati. Aliyegonga kichwa, akatapika, akasinzia kupita kawaida au akapoteza fahamu hata kwa muda mfupi, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Aliyeungua amiminiwe maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala samli, kwa kuwa vitu hivyo huzuia joto lisitoke na huleta uchafu katika kidonda.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA BARAZANI

Wazee na wazazi wanapokutana chini ya mti wao, mwalimu aweza kuwauliza: Mtelezo wa shule hii uko kivulini saa ngapi, na saa ngapi uko juani? Mchanga wake una kina gani leo? Nani ana spana, na nani ana daftari? Ni nafasi ipi kati ya vyuma vyake iliyo kati ya sentimita 9 na 23? Mtoto akianguka leo saa nne, gari la nani litampeleka?

Maswali hayo yakipata majibu, kazi iliyobaki ni toroli chache za mchanga na nati chache za kukaza.